Linda Nchi: Je, Kenya Ilikuwa na Sababu ya Kuivamia Somalia?

Kila tarehe 14 Oktoba jeshi letu huadhimisha Siku ya KDF, na kila inapofika, mjadala wa zamani hufufuka Kakamega: vyuoni, sokoni, matangani, popote walipo watu wenye kijana wao jeshini. Mmoja atasema nchi ilichokozwa ikajibu. Mwingine atasema tulipelekwa kupigania mipango ya wakubwa, na kwamba damu iliyomwagika Westgate na Garissa ni malipo ya uamuzi huo. Tangu wanajeshi wapelekwe Goma mwishoni mwa 2022 na polisi Haiti mwaka 2024, mjadala umezidi kuvurugika, maana hoja za safari moja hutumiwa kuitetea au kuilaumu nyingine. Goma na Haiti, serikali za huko ziliomba msaada hadharani. Somalia mwaka 2011 ni habari tofauti. Kenya ilivuka mpaka kwa uamuzi wake yenyewe na ikatoa sababu zake, na hizo ndizo za kupimwa moja baada ya nyingine.

Kinachowachanganya wengi ni maswali matatu yaliyofungwa pamoja kana kwamba ni moja. Je, Kenya ilikuwa na haki ya kujibu uchokozi? Je, uchokozi ule ulitosha kuingiza jeshi katika nchi nyingine na kuteka miji? Na je, kubaki huko miaka zaidi ya kumi kunatetewa na sababu zilezile za mwanzo? Mtu anaweza kukubali la kwanza na kulikataa la pili bila kujipinga hata kidogo.

Hali ilivyokuwa mpakani

Somalia haikuwa na serikali yenye kushika nchi tangu Siad Barre aangushwe Januari 1991. Kufikia 2011, serikali ya mpito ya Sheikh Sharif Sheikh Ahmed ilikuwa ikisimama Mogadishu kwa msaada wa askari wa Uganda na Burundi waliokuwa katika kikosi cha Umoja wa Afrika, yaani AMISOM. Kusini, wapiganaji wa kundi la Al-Shabaab waliishika Kismayo pamoja na bandari yake, na kutoka hapo walipata ushuru wa kuendeshea vita.

Ethiopia ilikuwa imekwisha kujaribu njia ya nguvu. Iliingia Desemba 2006, ikaing'oa serikali ya Mahakama za Kiislamu, na ilipotoka Januari 2009 ikawaacha Al-Shabaab wakiwa na nguvu kuliko ilivyowakuta. Uvamizi wenyewe uliwapa wito wa kuwakusanyia vijana: mgeni yuko nchini, mtoeni. Somo hilo lilikuwa wazi kwa kila mtu Nairobi kabla askari wetu wa kwanza hajavuka.

Kisha mwaka 2011 ukawa mzito. Mwezi Julai Umoja wa Mataifa ulitangaza njaa kusini mwa Somalia, na wakimbizi katika kambi za Dadaab wakapita laki nne. Tarehe 11 Septemba watu wenye silaha walivamia hoteli ya Kiwayu, kaunti ya Lamu, wakamuua mtalii Mwingereza David Tebbutt na kumteka mkewe Judith. Tarehe 1 Oktoba Mfaransa Marie Dedieu, mama mgonjwa aliyetegemea kiti cha magurudumu, alichukuliwa nyumbani kwake kisiwani Manda akapelekwa Somalia kwa mashua; alifia mikononi mwa watekaji. Tarehe 13 Oktoba wanawake wawili Wahispania waliokuwa wakifanya kazi na Madaktari Wasio na Mipaka wakatekwa Dadaab.

Siku mbili baadaye, George Saitoti, Waziri wa Usalama wa Ndani, na Yusuf Haji, Waziri wa Ulinzi, walitangaza kwamba Kenya ingewafuata Al-Shabaab popote walipo. Tarehe 16 dunia ikasikia kwamba majeshi yamevuka. Oparesheni ikapewa jina Linda Nchi.

Utekaji nyara kama sababu

Hii ndiyo sababu iliyofikishwa kwa wananchi kwa sauti kubwa kuliko zote, na ndiyo dhaifu kuliko zote.

Nguvu yake inaeleweka. Mgeni anapouawa kitandani pake na mgonjwa anabururwa hadi mashuani, dola iliyowapokea imeshindwa wajibu wake. Utalii wa Lamu ulikauka katika wiki chache, na mashirika yaliyokuwa yakiwalisha wenye njaa Dadaab yakaanza kupunguza safari zao. Serikali isingeweza kukaa kimya.

Lakini Al-Shabaab walikana kuhusika na utekaji huo, na mambo yaliyofuata hayakuwaumbua. Judith Tebbutt aliachiliwa Machi 2012 huko Adado, katikati ya Somalia, baada ya familia yake kulipa fidia. Adado ni eneo la maharamia, mamia ya kilomita kaskazini ya mahali jeshi letu lilikokuwa likipigana. Wahispania wawili walitoka Julai 2013, baada ya miezi ishirini na moja. Hakuna mateka hata mmoja kati ya hao aliyeokolewa na Linda Nchi. Ikiwa lengo lilikuwa mateka, jeshi lilielekea upande usio wao.

Tarehe nazo zinazungumza. Siku ambayo KDF yenyewe huiadhimisha kama mwanzo wa oparesheni ni 14 Oktoba, siku moja tu baada ya tukio la Dadaab. Hakuna nchi inayopanga uvamizi wa vifaru, ndege na meli kwa usiku mmoja. Alfred Mutua, aliyekuwa msemaji wa serikali wakati huo, aliwaambia waandishi wa habari wa kigeni mwezi uleule kwamba mpango ulikuwepo kwa muda, na kwamba utekaji ulikuwa nafasi nzuri ya kuuanzisha. Kauli hiyo ingetosha kufunga mjadala wa sababu ya kwanza, ila Wakenya wengi hawakuisikia.

Hapa kuna jambo ambalo wakosoaji huliruka. Mpango ulikuwa wa siku nyingi, lakini wakati haukuchaguliwa vizuri. Mvua za vuli zilikuwa zinaanza. Malori na magari ya deraya yalikwama kwenye tope njia ya kwenda Afmadow, na safari iliyotarajiwa kumalizwa haraka ikachukua karibu mwaka mzima hadi Kismayo, iliyoanguka mwisho wa Septemba 2012. Kwa hiyo si kweli kwamba kila kitu kilipangwa kwa ustadi na kufichwa, wala si kweli kwamba tulishtukizwa. Tulikuwa na nia ya zamani tukaitekeleza kwa pupa.

Hoja ya kujihami

Katika barua yake kwa Baraza la Usalama mwezi huohuo, Kenya ilijitetea kwa hoja ya kujihami; kifungu cha 51 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kinairuhusu nchi kujilinda ikishambuliwa kwa silaha. Hii ni hoja nzito zaidi, nayo inastahili muda.

Wanaoitetea huanza na swali la haki kabisa: ungempigia nani simu? Nchi yenye jirani mwenye serikali hupeleka malalamiko, hudai wahalifu wakamatwe, hungoja jibu. Kenya haikuwa na wa kumngoja. Vita katika mji wa Bula Hawa, ng'ambo ya mpaka, vilikuwa vikirusha risasi na mabomu hadi ndani ya Mandera, na vijana wetu walikuwa wakiandikishwa na Al-Shabaab. Tangu mashambulizi ya 11 Septemba 2001 nchi nyingi zimekuwa zikishikilia kwamba haki ya kujihami inafika hata kwa kundi lisilo dola, pale dola lililomo haliwezi kulizuia au halitaki. Ukiongeza kwamba miaka ishirini ya uvumilivu haikuzaa utulivu wowote mpakani, hoja inasimama kwa miguu yake.

Udhaifu wake unaonekana vizuri ukitazama kesi iliyo jirani kabisa na sisi wa Magharibi mwa Kenya. Uganda ilipoingia Kongo mwaka 1998 ilisema inajilinda dhidi ya waasi wa ADF waliokuwa wakiishambulia kutokea huko. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilikataa utetezi huo. Majaji walisema haikuthibitishwa kwamba mashambulizi yale yalikuwa ya serikali ya Kongo, kisha wakaongeza jambo ambalo Nairobi ilipaswa kulisoma mara mbili: kuteka viwanja vya ndege na miji iliyo mamia ya kilomita kutoka mpaka hakulingani na mashambulizi ya kuvuka mpaka yaliyotajwa kama sababu. Februari 2022 mahakama hiyohiyo iliiamuru Uganda ilipe dola milioni 325.

Mahakama haikusema kamwe kwamba huwezi kujilinda dhidi ya waasi. Iliacha swali hilo wazi. Ilichosema ni kwamba ukubwa wa jibu lazima ulingane na ukubwa wa kosa. Kwa kipimo hicho, kusafisha maficho ya Ras Kamboni na Dhobley, ng'ambo tu ya mpaka, kungetetewa kwa urahisi. Kwenda kuteka bandari ya Kismayo kunahitaji maelezo mengine.

Kulikuwa pia na mazungumzo mengi ya kumfuata adui akiwa bado anakimbia. Sheria ya bahari inaijua haki hiyo. Nchi kavu hakuna kanuni iliyokubaliwa, na hata ingekuwepo, haiwezi kunyooshwa ifunike miezi kumi na moja ya kusonga mbele.

Kwa mlinganisho wa karibu, Tanzania mwaka 1978 haikuwa na taabu hii. Idi Amin alituma jeshi la dola, likaiteka Kagera, akatangaza ardhi hiyo kuwa ya Uganda. Hakuna aliyebisha haki ya Mwalimu Nyerere ya kumfukuza. Ubishi ulianza jeshi la Tanzania lilipovuka na kufika Kampala, iliyoanguka 11 Aprili 1979. Katika kikao cha Umoja wa Nchi Huru za Afrika huko Monrovia mwezi Julai, Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania waziwazi. Hata sababu iliyo safi hivyo ilikuwa na ukomo wake mpakani.

Idhini ya Mogadishu

Ikiwa serikali halali imekualika, hujavamia. Hii ingekuwa ndiyo nguzo imara ya Kenya, na barua yake kwa Baraza la Usalama ilidai kwamba hatua ilichukuliwa kwa kushauriana na serikali ya mpito. Tarehe 18 Oktoba mawaziri wetu walikwenda Mogadishu na tamko la pamoja likatiwa saini.

Chini ya wiki moja baadaye Rais Sheikh Sharif alisema hadharani kwamba serikali yake haikubali majeshi ya Kenya kuingia. Ilichotaka ni msaada wa mafunzo na vifaa kwa askari wake. Mwisho wa mwezi waziri mkuu wake, Abdiweli Mohamed Ali, alikuja Nairobi na pande mbili zikatoa tamko jipya la kuunga mkono oparesheni. Idhini iliyokuja baada ya askari kuvuka, ikakanwa, kisha ikarudishwa, ni idhini ya shaka. Haikuwa bure, kwa kuwa hatimaye ilitolewa, na jumuiya ya IGAD nayo iliiunga mkono Kenya mwezi huohuo. Lakini askari wa kwanza walipovuka, hakukuwa na mwaliko wa wazi ambao mtu angeweza kuuonyesha.

Kilichoweka mambo sawa kisheria ni azimio namba 2036 la Baraza la Usalama, la tarehe 22 Februari 2012. Liliongeza idadi ya AMISOM hadi askari 17,731 na kufungua mlango kwa majeshi ya Kenya kuingizwa humo. Tangu hapo KDF ilikuwa kikosi cha Umoja wa Afrika, na swali la uhalali wake likabadilika kabisa. Watetezi wa serikali hupenda kulirudisha nyuma azimio hilo lifunike na miezi minne ya mwanzo. Halina maneno ya kufanya hivyo.

Jubaland, sababu isiyosemwa

Kabla ya utekaji wowote Lamu, Kenya ilikuwa na mpango wa kusini mwa Somalia. Nyaraka za ubalozi wa Marekani zilizofichuliwa na WikiLeaks zinaonyesha kwamba mwanzoni mwa 2010, katika mkutano wa Umoja wa Afrika jijini Addis Ababa, Waziri wa Mambo ya Nje Moses Wetang'ula aliwaomba Wamarekani waunge mkono mpango wa Kenya kuhusu Jubaland, eneo la Somalia linalopakana nasi, na Johnnie Carson, aliyekuwa msimamizi wa masuala ya Afrika katika serikali ya Marekani, akaonyesha wasiwasi mkubwa. Kenya ilikuwa tayari ikiwafunza vijana wa Kisomali. Aprili 2011 Mohamed Abdi Gandhi akatangazwa rais wa eneo lililoitwa Azania. Baadaye Nairobi ilimwegemea Ahmed Madobe wa kundi la Ras Kamboni, ambaye ameishika Jubaland tangu 2013.

Lengo lilikuwa kupata ukanda wa jirani mwema kati yetu na machafuko. Mtu mwenye akili timamu anaweza kulitetea lengo hilo. Kenya ilipigana Vita vya Shifta kuanzia 1963 hadi 1967 kwa sababu ya ndoto ya Somalia Kubwa, na hofu ya upande ule haijawahi kutoka ndani ya ofisi za usalama za Nairobi. Wengine huongeza maslahi ya bandari ya Lamu, ambayo mradi wake wa LAPSSET ulizinduliwa Machi 2012, na mgogoro wa mpaka wa bahari ambao Somalia iliupeleka mahakamani 2014 na kushinda sehemu kubwa Oktoba 2021. Kwa hayo mawili ushahidi ni wa kukisia: Kenya kuwa na maslahi hakuonyeshi kwamba ndiyo yaliyolituma jeshi. Kwa Jubaland ushahidi upo.

Shida ya mpango wa Jubaland ni kwamba hakuna sheria inayoruhusu kuvamia nchi ili uitengenezee jimbo. Ndiyo maana haukutajwa. Watu wa Magharibi wanaijua vizuri sura hii kutoka kwenye historia yao wenyewe. Mwaka 1895 mtawala wa Kiingereza C. W. Hobley aliongoza askari wa Kisudani, akisaidiwa na watu wa Nabongo Mumia, mfalme wa Wanga, kwenda kuwapiga Wabukusu Lumboka na Chetambe, na sababu aliyoitoa ilikuwa bunduki za serikali zilizokuwa mikononi mwao. Bunduki zilikuwepo kweli. Hata hivyo kilichobaki baada ya moshi kutulia kilikuwa utawala wa Mwingereza juu ya nchi nzima ya pale. Sababu ya kweli na sababu iliyotangazwa zinaweza kukaa nyumba moja, na kuthibitisha ya pili hakukwambii chochote kuhusu ya kwanza.

Sukari ya Kismayo na miwa ya Mumias

Sehemu hii huitwa porojo na wanaolitetea jeshi, lakini kwa mkulima wa Matungu au Mumias ni jambo la mkate wake wa kila siku.

Azimio 2036 lilipiga marufuku pia biashara ya makaa ya Somalia, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikiwalisha Al-Shabaab. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliripoti baadaye kwamba makaa yaliendelea kutoka Kismayo kwa wingi hata baada ya KDF na watu wa Madobe kuishika. Novemba 2015 shirika la Journalists for Justice likatoa ripoti iliyodai kwamba sukari ya magendo ilikuwa ikiingia Kismayo kwa meli, ikipakiwa kwenye malori kupitia Dhobley na Liboi hadi Garissa, na kwamba maafisa wa KDF walikuwa wakipata dola 2 kwa kila gunia, huku Al-Shabaab nao wakitoza ushuru wao barabarani. KDF ilikana vikali.

Tukichukulia kwamba madai hayo yana ukweli hata kwa sehemu, uzito wake ni mkubwa. Mumias, iliyoanza kusaga miwa miaka ya 1970 na wakati mmoja ikazalisha zaidi ya nusu ya sukari ya nchi, iliwekwa chini ya mrasimu na benki ya KCB Septemba 2019. Ni kweli kwamba kiwanda kiliuawa kwanza na uongozi mbovu na madeni ya ndani. Anayesema Kismayo ndiyo iliyokiua anadanganya wakulima. Lakini sukari ya bei ya chini isiyolipa kodi ilibana soko wakati kiwanda kilipokuwa kikihema. Vijana wa kaunti hii walikwenda Somalia kuilinda nchi, na kama bandari waliyoiteka ilipitisha sukari iliyowadidimiza wazazi wao waliobaki na miwa shambani, basi sababu ya kubaki Kismayo ilikuwa imeshaoza.

Kwa uadilifu lazima isemwe kwamba hili haligusi uhalali wa kuingia Oktoba 2011. Hakuna ushahidi kwamba tuliingia kwa ajili ya sukari. Linagusa swali la tatu, la kubaki.

Je, vita ndivyo vilivyoleta Westgate na Garissa?

Orodha inajulikana na inauma: Westgate Septemba 2013, watu 67, Mpeketoni Juni 2014, zaidi ya 60, basi la Mandera Novemba 2014, watu 28, wengi wao wakiwa walimu waliokuwa wakirudi makwao kwa likizo, Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, watu 148, wanafunzi wakiwa 142, DusitD2 Januari 2019, watu 21. Miongoni mwa walimu na wanafunzi hao walikuwamo watoto wa Magharibi, kwa kuwa kazi na nafasi za chuo ziliwapeleka huko.

Al-Shabaab wenyewe walisema wanalipiza. Kampala iliwahi kuonja hayo Julai 2010, watu zaidi ya 70 wakiuawa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, miaka mitatu baada ya Uganda kupeleka askari Mogadishu. Kwa hiyo aliyepanga Linda Nchi hawezi kusema hakujua.

Walakini Ethiopia imekuwa na askari wengi ndani ya Somalia kwa muda mrefu, na ina mpaka mrefu zaidi nayo, lakini haikupata Westgate yake. Hii ina maana kwamba vita peke yake havielezi kila kitu. Kulikuwa na rushwa kwenye vizuizi vya barabara, ujasusi usiofanyiwa kazi, na msako wa Aprili 2014 uliowafungia maelfu ya Wasomali katika uwanja wa Kasarani na kuwapa Al-Shabaab hoja ya kuwashawishi vijana zaidi. Uvamizi ulitupa adui mwenye ari zaidi. Uzembe wetu wa ndani ulimfungulia mlango. Wanaolaumu uvamizi tu wanawapunguzia mzigo polisi na idara ya ujasusi.

Tena, matokeo mabaya hayafanyi sababu kuwa mbaya. Sababu hupimwa kwa kile kilichojulikana siku ya uamuzi. Kilichojulikana Oktoba 2011 kilitosha kutaka miji ilindwe kabla ya askari kuvuka, na hilo halikufanywa.

Bunge lilikuwa wapi?

Katiba ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi michache. Kifungu cha 132 kinamtaka rais apate kibali cha Bunge kabla ya kutangaza vita. Kifungu cha 240(8) kinataka kibali hichohicho kwa kupeleka majeshi nje kulinda amani. Rais Mwai Kibaki hakutangaza vita, na serikali ikashikilia kwamba huku ni kumfuata adui tu. Kwa hiyo jeshi liliingia nchi ya pili kwa mara ya kwanza tangu uhuru katika vita vyake yenyewe bila wabunge kupiga kura. Walipiga Desemba 2011, na hoja iliyokuwa mbele yao ilikuwa ya kujiunga na AMISOM. Uvamizi wenyewe ulikuwa umeshatimia.

Serikali ina jibu: mashambulizi hayangoji vikao. Jibu hilo lingefaa kwa saa sabini na mbili za kwanza. Halifai kwa mpango uliokuwa mezani tangu 2010. Kati ya kasoro zote za Linda Nchi, hii ndiyo ninayoiona nzito kuliko nyingine, kwa kuwa Bungeni ndiko ambako lengo lingetajwa, mwisho wake ungewekwa, na hesabu ya waliokufa ingedaiwa. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya KDF ya El Adde, Somalia, ilivamiwa na Al-Shabaab. Rais wa Somalia alitaja vifo vinavyokaribia 200. Serikali ya Kenya haijatoa idadi yake rasmi. Majeneza yalifika vijijini kote nchini, Magharibi ikiwemo, na mzazi aliyezika hajui mwanawe alikuwa mmoja kati ya wangapi.

Mizani

Kenya ilikuwa na sababu ya kujibu. Mpaka wake ulikuwa ukivukwa kwa silaha, upande wa pili hakukuwa na dola la kulizuia jambo hilo, na hakuna sheria inayoitaka nchi ikae ikipigwa. Hapo watetezi wa Linda Nchi wako sahihi, na wakosoaji wanaosema hakukuwa na uchokozi wowote wanakosea.

Kwa uvamizi wa ukubwa ule, sababu zilizotolewa hazikutosha. Utekaji ulikuwa kisingizio kilichojengwa juu ya uchungu wa kweli. Kujihami kungehalalisha oparesheni fupi ya mpakani, si safari ya Kismayo. Idhini ilichelewa na ikayumba. Sababu iliyokuwa na uzito halisi, ya Jubaland, haikusemwa, na sababu isiyosemwa haiwezi kumhalalishia mtu kitendo chake mbele ya waliolipia kwa damu. Kuanzia 2012 uhalali ulikuwepo kupitia AMISOM, kisha ATMIS mwaka 2022, na sasa AUSSOM tangu Januari 2025, lakini huo ni uhalali wa kazi mpya, na hauna nguvu ya kurudi nyuma.

Spika wa Bunge la Kitaifa leo ni Moses Wetang'ula, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wakati majeshi yanavuka. Bunge hilohilo ndilo lililopelekewa suala la Goma, na hata hapo Rais William Ruto aliwaaga askari tarehe 2 Novemba 2022, kura ya wabunge ikafuata. Lakini Januari 2024 Mahakama Kuu, katika kesi ya Haiti, ilikisoma kifungu cha 240(8) kwa makini na kuizuia serikali kupeleka polisi kwa mamlaka yasiyo yake, ingawa baadaye mwaka huo walipelekwa. Uamuzi huo unaonyesha kwamba kifungu hicho kinaweza kutumiwa na raia wa kawaida mahakamani. Mahakama Kuu ina kituo mjini Kakamega, na hakuna kinachomzuia mzazi wa askari aliyekufa El Adde kudai humo, kwa haki ya kupata habari iliyo kwenye kifungu cha 35, aambiwe rasmi ni wangapi waliokufa siku ile na nani aliyeidhinisha wawepo pale.